Ngazi ya Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza na viatu vyangu vimeanza kunuka. Muhula mpya, watoto thelathini na watano, nusu yao na makamasi. Kabla ya saa nne nilikuwa nimefuta pua ishirini na mbili. Nilihesabu makusudi, ili siku nikiulizwa nina kinyongo gani na maisha niwe na jibu.

Kuna mtoto mgeni, wa yule fundi baiskeli wa njia panda. Msichana wa miaka minne na nusu, vidole viwili mdomoni muda wote, mate yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilipoinama kumfunga kamba za viatu akavitoa vile vidole, vimelowa chapachapa, akanishika kidevu navyo na kuniuliza mbele ya darasa zima, "Kwa nini una ndevu?" Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia, "Funga mdomo mpaka nitakapokuambia ufungue." Kisha nikaenda kunawa uso kwa sabuni mara mbili. Nimeshampa jina: Kidole.

Nyumbani, Mama amelowesha godoro tena.

Jumanne, 5 Machi

Chuo. Nina miaka hamsini na minane na leo nimekaa kwenye dawati nikainua mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Amri imetoka kwamba mwalimu msaidizi wa chekechea asiye na cheti kufikia mwisho wa muhula huu atafute kazi nyingine. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja bila cheti. Mkuu wetu wa shule ndiye aliyenikabidhi barua, huku akitabasamu. Mkuu huyo huyo nilimfundisha mimi namna ya kumbadilisha mtoto suruali bila kujichafua mikono.

Chuo chenyewe ni ukumbi juu ya duka la rangi, tunakwenda mchana, Jumanne na Ijumaa. Harufu ya rangi inapanda kupitia mbao za sakafu. Mkufunzi ni kijana mwembamba aliyepiga viatu vyake kiwi mpaka vinatia aibu kwenye tope hili. Amebandika ukutani karatasi kubwa yenye ngazi nane za maisha, chini kabisa mtoto mchanga, juu kabisa mzee mwenye fimbo. Kila ngazi ina mtihani wake, anasema, na ukiuvuka vibaya unapanda na kilema chako mpaka juu. Kabla ya kipindi kwisha wasichana wa dawati la nyuma walikuwa wameshambatiza Ngazi.

Akanitafuta kwa macho. "Kwa mfano, mama yetu hapa yuko ngazi ya saba. Mtu wa umri wake ama analea kizazi kinachokuja, ama anadumaa. Una watoto, mama?"

"Thelathini na watano," nikamjibu.

Wakacheka wote isipokuwa yeye. Aliandika.

Tumepewa kila mmoja daftari la uchunguzi, kurasa zimepigwa namba na mhuri. Unachagua mtoto mmoja, unamfuata muhula mzima. Unachokiona na kukisikia unakiandika kwa penseli, kwa sababu macho hukosea na penseli hufutika. Mwisho wa muhula unaandika kwa wino mtoto yuko ngazi ipi, na wino haufutwi wala ukurasa haung'olewi. "Atakayeandika asichokiona," akasema, "nitamfelisha, hata kama alichoandika ni kweli."

Nimemchagua Kidole. Tangu jana hajatoa sauti, na mtoto asiyesema ana kurasa chache.

Ijumaa, 8 Machi

Leo tulikuwa ngazi ya kwanza. Mtoto mchanga akilia akaitikiwa, anajifunza kwamba dunia inaaminika. Asipoitikiwa anajifunza kinyume chake, na hiyo shaka atakuwa nayo hata akiota mvi. Nilikuwa nikipiga miayo, halafu nikaacha.

Jioni nikimwogesha Mama nikamuuliza, "Nilipokuwa mchanga nikilia, ulikuwa unaninyanyua?"

"Nilikuwa kazini."

Kweli. Miaka thelathini alifua mashuka ya hospitali, damu na usaha wa watu asiowajua, akirudi nyumbani ananisugua mimi kwa brashi ileile ya nguo.

"Sasa nani alikuwa ananinyanyua?"

"Ulikuwa unanyamaza mwenyewe," akasema. "Wewe msichana, maji yamepoa."

Msichana. Nina ganzi ya magoti na bado mimi ni msichana. Ana miaka themanini na minne, ngozi ya mapaja imekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, na harufu inayotoka humo hakuna sabuni iliyowahi kuishinda. Nasema hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema: ninamuogopa na ananitia kinyaa. Chini ya mto wake nimekuta vipande vitatu vya mkate vyenye ukungu.

Jumanne, 12 Machi

Ngazi na bilauri zake. Chukua bilauri mbili zilizo sawa, jaza maji sawasawa, mtoto akubali kuwa ni sawa. Kisha mimina moja kwenye chombo kipana mbele ya macho yake, umuulize wapi kuna maji mengi. Mtoto wa miaka minne atasema yamepungua. Si mjinga, anasema Ngazi, anafikiri kwa macho. Akifika miaka saba atakucheka ukimuuliza. Tumeagizwa tufanye jaribio hilo kesho na tuandike.

Jumatano, 13 Machi

Watoto wawili wametapika. Sikufanya jaribio la bilauri.

Alhamisi, 14 Machi

Wala leo. Nani ana nafasi ya kucheza na maji katika mvua hii? Nilirudi nyumbani nikakaa na daftari mezani, sufuria jikoni linachemka, Mama ananiita kutoka chumbani, na penseli sikuiona. Nilitafuta kwenye mkoba, kwenye droo, chini ya meza. Hasira zikanipanda. Nikachukua kalamu ya wino nikaandika ukurasa mzima kwa mkupuo mmoja: kwamba nilimwekea mtoto bilauri mbili, kwamba hakujibu, kwamba nilirudia mara tatu akaendelea kunyonya vidole. Mwisho nikaandika: "Hasemi. Haelewi maswali. Hajafikia ngazi ya wenzake." Dakika kumi. Miaka thelathini na mmoja nimewaona watoto, sihitaji bilauri kumjua mzito.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Somo lilikuwa thawabu na adhabu, jinsi kiumbe anavyorudia kinachomletea tuzo. Nilipofika nyumbani Mama akanisifu kwa chai nzuri. Nikajikuta nimemtilia kikombe cha pili, na nikachukia.

Ijumaa, 22 Machi

Fundi baiskeli amekuja kumchukua mwanawe, mikono myeusi ya grisi mpaka kwenye mikunjo ya kucha, anamshika mtoto nayo vilevile. Nikamwambia binti yake hatoi hata neno moja darasani.

"Huyu?" akasema. "Mwalimu, huyu nyumbani ananichosha. Anauliza mpaka usingizi unamchukua katikati ya swali."

Wazazi wote wanasema hivyo. Kila mwenye mtoto mzito ana mtoto mwingine mwerevu huko nyumbani ambaye hatujawahi kumwona. Nilimtazama Kidole. Alikuwa amekaza midomo kwenye vile vidole kama mtu aliyebeba maji mdomoni.

Jumatatu, 25 Machi

Kidole anaficha mkate kwenye soksi. Nilimvua soksi nikaukuta mkate umegeuka uji. Nilitamani kulia kwa karaha. Wawili sasa, mmoja nyumbani na mmoja kazini.

Jumanne, 2 Aprili

Mkuu ameniita ofisini. Wakaguzi wanakuja mwezi Mei na anataka darasa linalojibu. "Kuna watoto wanaoturudisha nyuma," akasema. "Yule wa fundi, kwa mfano. Una chochote cha maandishi?"

Nikampa daftari. Akasoma ukurasa wangu wa wino, akainua nyusi. "Umeandika vizuri sana. Kumbe chuo kinasaidia." Akaomba akae nalo siku moja.

Sikuwa na ubaya na mtoto, naomba ieleweke. Nilifurahi kusifiwa, basi. Nina umri wa kustaafu na nilitoka mle ofisini nimevimba kichwa kama msichana aliyepewa nyota kwenye daftari.

Ijumaa, 5 Aprili

Barabara imekatika pale kwenye daraja dogo. Hakuna chuo.

Jumanne, 9 Aprili

Chooni chuoni hakuna maji. Sitaandika zaidi.

Ijumaa, 12 Aprili

Joto, harufu ya rangi na unyevunyevu, nikasinzia. Ngazi akaniona na badala ya kunigombeza akanipa nisome ubaoni kwa sauti, kwa hiyo nakumbuka: mtoto mdogo huichukua amri ya mkubwa kama ukuta. Haulizi imetolewa kwa nini, wala haulizi kama aliyeitoa bado anaikumbuka. Kwake iko palepale hadi mwenyewe aje aiondoe.

"Ndiyo maana," akasema Ngazi, "angalieni mnachokisema mkiwa mmechoka." Anazungumza polepole, na kila akitaja mtoto mikono yake inatetemeka kidogo. Nimeligundua hilo leo. Bado viatu vyake vinaniudhi.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua ya leo sijawahi kuiona. Saa tano maji yalikuwa yanaingia darasani, wazazi wakaja mbio kuwachukua watoto wao, saa sita nikabaki na mmoja. Fundi baiskeli yuko ng'ambo ya daraja, na daraja liko chini ya maji. Mkuu alikuwa ameshaondoka na mwavuli wa shule.

Sikuwa na njia nyingine. Nilimbeba Kidole mgongoni. Mate yake yalinishukia shingoni safari nzima, ya moto katikati ya mvua ya baridi, na nilitukana kimoyomoyo hadi mlangoni kwangu.

Sebuleni panavuja, kwa hiyo nikamkalisha chumbani kwa Mama, kitandani miguuni pake, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nilikuwa napuliza jiko nikasikia sauti. Nilidhani ni redio ya jirani. Kisha nikakumbuka kwamba umeme haupo.

Nikasogea mpaka kwenye korido, mlango ulikuwa umerudishwa nusu.

"Bibi, kwa nini mkate umelala hapa?"

"Umechoka," akasema Mama.

"Na penseli?"

"Nayo."

Penseli yangu. Mtoto alikuwa ameiinua kutoka chini ya mto, imeshikana na ukungu wa mkate, anaichungulia upande huu na upande ule.

"Na mimi naufichaga. Kwenye soksi."

"Kwenye soksi unaharibika. Mto ndio mzuri. Unauficha kwa nini?"

"Baba akichelewa."

"Eeh," akasema Mama. "Mimi nauficha huyu msichana akichelewa."

Halafu Kidole akaiona bilauri yenye meno ya bandia ya Mama, iliyo kwenye kiti kando ya kitanda. Akatumbukiza mkono, akayatoa yale meno, akayaweka juu ya blanketi kwa adabu zote, na yale maji, mazito yenye utelezi, ninayoyabadilisha kila asubuhi huku nikigeuzia uso pembeni, akayamimina kwenye bakuli pana la kunawia.

"Bibi, yamepungua."

"Yameenda wapi?"

Akainama akatazama chini ya kiti. "Hayako."

"Rudisha uone."

Akayarudisha kwenye bilauri, ulimi nje kwa uangalifu, hakumwaga hata tone. "Yamerudi!" Akacheka, na Mama naye akacheka, mdomo mtupu. Sijui ni miaka mingapi tangu nimsikie. Akayamimina tena kwenye bakuli. Mara ya nne akasema taratibu, "Bibi, nafikiri ni yaleyale. Yanajilaza tu."

Nilisimama koridoni na mikono yenye majivu, nikatazama jaribio nililolitunga mezani likifanyika lenyewe, kwa maji ya meno, na mtoto niliyemwandika haelewi maswali akijiuliza mwenyewe na kujijibu miaka miwili kabla ya ngazi yake.

Nikausukuma mlango. Kidole aliponiona akaziba mdomo kwa kiganja kizima, macho yamemtoka.

"Unamtisha," akasema Mama.

"Nimemfanya nini mimi?"

"Ameniambia mwalimu amemfunga mdomo. Nikamuuliza, mpaka lini? Akasema, mpaka mwalimu aseme afungue." Mama akajifuta pembe za midomo na shuka. "Nimemwambia hapa si shuleni, hapa ni kwangu. Sasa wewe umeingia."

Niliikumbuka siku yenyewe. Tarehe nne Machi, kamba za viatu, kidevu changu. Wiki sita na zaidi. Nilikuwa nimenawa uso nikasahau, na yeye alikuwa amebaki na ile amri, ameitunza kama alivyoambiwa, siku kwa siku, mbele ya watoto wanaomwita bubu.

Neno moja tu lilihitajika. Nilikuwa nalo kwenye ulimi. Lakini kulisema pale mbele ya Mama, na yale macho yake yanayonisubiri nikosee tangu nizaliwe, nilishindwa. Nikauliza nani anataka sukari. Nikachukua bilauri nikaenda kuisugua kwa nguvu zangu zote.

Fundi alifika saa kumi na moja, amelowa mpaka mifupani, baiskeli begani. Alinishukuru mara tano. Nikawatazama wakiondoka, mtoto kwenye bomba la mbele. Walipofika kwenye kona mkono wake ukaanza kuonyesha huku na huku. Alikuwa anaongea.

Alhamisi, 18 Aprili

Kumbe wakati nikimbeba mgongoni barua ilikuwa imeshaandikwa. Mkuu amempa fundi leo asubuhi getini: kuanzia Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa mtoto akae nyumbani "mpaka afikie ngazi ya wenzake". Nakala ya ukurasa wangu imebanwa nyuma kwa pini.

Fundi hakwenda kwa Mkuu. Alinifuata mimi, ameifunga ile karatasi ndani ya mfuko wa plastiki isipate grisi. "Mwalimu, nimeisoma mara mbili. Mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi nakubali," akasema. "Wewe ndiye unayekaa naye. Ungekuwa ni mwandiko wa mwingine ningebisha." Akaniomba samahani kwa usumbufu ambao mtoto wake amenipa.

Ijumaa, 19 Aprili

Sikumwambia mtu kitu. Nilikwenda chuoni nikakaa nyuma. Ngazi alikuwa anafundisha ngazi ya saba, yangu, na sikuinua kichwa. Nimejaa kinyaa, na safari hii ni cha nafsi yangu mwenyewe, hakuna wa kumnawia.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimesema. Wakati wa kufunga kamba za viatu, mbele ya wote, nilipiga magoti nikamwambia, "Fungua mdomo. Nilikosea kukufunga."

Kidole akanitazama muda mrefu. Akavitoa vidole, akavikagua, akavirudisha. Hakusema kitu siku nzima.

Sikujua kwamba itaniuma hivi. Nilidhani ukuta ukiuondoa mtu anapita palepale.

Jumanne, 23 Aprili

Nilimsubiri Ngazi mpaka wenzangu wakaondoka. Nikamfungulia ukurasa. "Hili jaribio sikulifanya," nikamwambia. "Nilikaa nyumbani nikalitunga."

Akavua miwani. Chini wauza rangi walikuwa wakigombana. "Mama, unajua kanuni yangu?"

"Ya kufelisha? Naijua."

"Na unajua bila cheti unatoka kazini?"

"Nalijua hilo pia."

Akaenda dirishani. "Mimi sijasikia," akasema akiwa amenipa mgongo. "Mvua inapiga kelele. Muhula umebaki wiki tatu, kurasa nyingine ziko vizuri. Ukiniambia tena Ijumaa nitasikia. Usiponiambia, nitatia sahihi."

Ni mtu mwema, na sikutaka awe mwema. Miezi miwili nimemdharau kwa sababu ya viatu. Nilimuuliza, "Na mtoto ataandikwa nini?"

Akageuka. Hakujua kuna barua. Nilipomweleza, mikono ilianza ile mitetemeko yake, na akaniambia kitu ambacho sikukitarajia: kwamba yeye mwenyewe hakusema hadi alipofika miaka sita, na kuna mtu alimwandika.

Sikusubiri Ijumaa. Nikachukua kalamu mfukoni mwa shati lake, nikaandika kwa wino chini ya maneno yangu: "Hapo juu ni uongo. Sikumpima. Mtoto huyu anasema, anauliza na anaelewa. Aliyemfunga mdomo tarehe 4 Machi ni mimi." Nikatia jina na tarehe. Akaweka mhuri wake pembeni. Hakunitazama tena, na mimi sikumlaumu.

Jumatano, 24 Aprili

Mkuu alisoma amesimama. "Kwa hiyo unakubali kupoteza kazi kwa ajili ya bubu?"

"Si bubu."

"Umewahi kumsikia hapa shuleni?"

"Mara moja," nikasema. "Aliniuliza swali."

Alinitazama kwa sura ninayoijua, sura ninayomtazamia mtoto aliyejichafua. Lakini barua ameibatilisha. Hawezi kuweka mbele ya wakaguzi ukurasa ambao mwandishi mwenyewe ameukana chini yake kwa mhuri. Tulipoachana aliniambia nisisahau kurudisha funguo za kabati siku ya mwisho.

Fundi nilimwambia kwenye kibanda chake, yeye akiwa amepindua baiskeli ya mtu. Alizungusha gurudumu likazunguka mpaka likasimama lenyewe. "Wiki saba," akasema. Hakuomba samahani safari hii, wala hakunishukuru, na nilistahili.

Jumanne, 30 Aprili

Kidole yuko darasani. Kimya.

Nilikuwa nikimwogesha Mama nikamwambia, "Unakumbuka siku aliyozikwa Baba? Nilikuwa na miaka mitano. Ulisimama mlangoni ukasema hapa halii mtu."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Sijalia mpaka leo."

Akafikiri. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mabega, mabega madogo sasa, ya kuenea kwenye viganja vyangu. "Nilikuwa na zamu ya usiku siku ile," akasema. "Nilikuwa nimechoka." Kisha akaudhika. "Sasa lia basi, nani amekukataza?"

Sikuweza. Nilikaza taulo nikamfuta. Harufu yake ni ileile, sitaki kujidanganya, lakini nilipomaliza sikukimbilia dirishani.

Jumatano, 8 Mei

Wakaguzi walikuja. Wakala biskuti, wakahesabu madawati, wakaondoka.

Jumanne, 14 Mei

Majibu yamebandikwa mlangoni kwa duka la rangi. Wasichana wa dawati la nyuma wamefaulu wote. Mbele ya namba yangu imeandikwa "Amefeli", mwandiko wa Ngazi, mdogo na ulionyooka. Hakunionea huruma na nimemheshimu kwa hilo. Niliporudi nyumbani, sufuria limeungua, Mama amejisaidia kwenye kiti, na katikati ya kufua, mikono ndani ya beseni la uchafu ule, machozi yakanitoka bila sababu yoyote ya maana. Yalinitoka kwa muda mrefu. Mama akaniita kutoka chumbani mara mbili, halafu akaacha kuniita.

Ijumaa, 17 Mei

Siku ya mwisho. Naandika kwa penseli, ina alama ya ukungu ambayo haikutoka hata kwa wembe. Naandika nilichokiona na nilichokisikia tu.

Mvua imekatika. Funguo za kabati nilirudisha saa mbili asubuhi. Pua nilifuta tisa. Saa nne na robo Kidole alikuja mwenyewe, kamba moja ya kiatu imefunguka, akauweka mguu juu ya goti langu. Nikainama kufunga. Akavitoa vidole mdomoni. Akanishika kidevu navyo, vimelowa, akakipapasa upande wa kulia kisha wa kushoto.

"Kwa nini una ndevu?"

Watoto walicheka. Nilimwambia sijui, zimeota tu siku moja.

Akafikiri. "Bibi anazo pia," akasema.

Nikamwambia ni kweli, anazo. Akauliza kama Bibi bado analaza mkate chini ya mto, kama maji ya meno yanalala pia, kama mimi nitakuja Jumatatu, na kama siji nani atamfunga viatu. Nilijibu yote niliyoweza. Mate yake yananuka vilevile kama tarehe nne Machi. Nilinawa uso saa nane, watoto wote walipokuwa wameshaondoka.